BMI: Kipimo cha mtaalamu wa nyota kilivyofika kwenye kabati la mjomba

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Walionipigia simu kuuliza kama nimehama nchi, asanteni, nipo. Mchana nilikuwa nashinda hospitali na mjomba wangu, na usiku nilikuwa nasoma mambo ambayo nilipaswa kuyasoma kabla ya kuandika makala fulani, si baada ya kuiandika. Leo nawapa nilichokisoma. Ni historia ndefu kidogo, inaanzia Ubelgiji na inaishia sebuleni kwa mjomba, kwa hiyo tafuta kikombe cha chai ukae.

Kwanza makala yenyewe. Mwaka juzi mhariri wa ukurasa wa afya alibaki na nafasi tupu, akaniita. Nikaandika kuhusu BMI, kile kipimo cha uwiano wa uzito na kimo. Karibu kila msomaji wangu anakijua: unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawa kwa kimo chako kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likiwa chini ya 18.5 umepungukiwa uzito. Kati ya 18.5 na 24.9 uko sawa. Kuanzia 25 hadi 29.9 umezidi, na 30 kwenda juu huo ni unene wa kupindukia. Tukaweka jedwali lenye rangi: njano, kijani, chungwa, nyekundu. Kazi nzima ilinichukua muda mfupi kuliko foleni ya jioni kutoka Posta hadi Mwenge.

Mjomba ni fundi cherehani, amestaafu nusu: macho hayamruhusu kushona usiku, ila wateja wa zamani bado wanamfuata. Ana kilo 68 na kimo cha mita 1.70. Piga hesabu: 1.70 mara 1.70 ni 2.89, na 68 gawa kwa 2.89 ni 23.5. Kijani. Alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Aliikata ile makala kwa mkasi wake wa kazi, akaibandika kwenye kioo cha kabati la vyombo. Kila mgeni alionyeshwa: "Mimi niko kijani hapa. Na aliyeandika ni mjomba wangu huyu."

Baada ya miezi kadhaa akaanza kunywa maji kupita kawaida. Usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo. Mkaza mjomba akamwambia aende akapime sukari, hasa kwa kuwa bibi yetu, mama yake mjomba, alifariki akiwa na kisukari. Mjomba akamwonyesha kabati. Sukari, alisema, ni ugonjwa wa wanene. Yeye yuko kijani.

Alipokubali kwenda, kidonda kwenye kidole cha mguu kilikuwa na wiki ya tano na hakikauki. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa 14, wakati mtu asiye na kisukari hatakiwi hata kufika 7. Kidole kimekatwa.

"Mjomba," aliniambia pale kitandani (sisi huitana hivyo wote wawili), "mbona gazeti lako lilisema niko kijani?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Nami sikuwa na jibu, kwa sababu niliandika ile namba bila kujua imetoka wapi, nani aliitunga, na aliitunga ili ifanye kazi gani. Mwandishi wa habari anayetaja chanzo cha kila kitu, lakini namba hii aliipokea kama mvua inayotoka mbinguni. Basi nikaanza kuitafuta.

Mtu wa nyota

Aliyeianzisha hakuwa daktari. Adolphe Quetelet alizaliwa mwaka 1796 katika mji wa Ghent, ambao leo uko Ubelgiji. Alisomea hesabu, akapata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1819, na ndoto yake ilikuwa kujenga kituo cha kuangalia nyota mjini Brussels. Mwishoni mwa mwaka 1823 alitumwa Paris kujifunza jinsi vituo vya namna hiyo vinavyoendeshwa.

Paris ndiko alikokutana na wazo lililobadilisha maisha yake. Wataalamu wa nyota walikuwa na tatizo moja sugu: watu wakipima mahali ilipo nyota moja, kila mmoja anapata jibu tofauti kidogo. Nani mkweli? Wanahisabati waliwapa dawa. Kusanya vipimo vyote, tafuta wastani. Vingi vitajazana karibu na wastani, na kadiri unavyokwenda mbali nao vinapungua pande zote mbili, mpaka ukichora unapata umbo la kengele. Wastani ndio unaokaribia ukweli, na vilivyobaki pembeni ni makosa ya kupima.

Quetelet alirudi nyumbani na swali la ajabu. Je, tukiwapima binadamu kama tunavyopima nyota? Akaanza kukusanya takwimu za kila kitu: kuzaliwa, kufa, kuoa, uhalifu, kimo, uzito. Baadaye alichukua vipimo vya vifua vya askari wa Uskoti zaidi ya 5,000, vilivyokuwa vimechapishwa katika jarida la Edinburgh, akavichora. Ikatokea kengele ileile, kilele chake kikiwa karibu na inchi 40. Kwake ilikuwa kana kwamba maumbile yalikusudia kutengeneza askari mmoja mwenye kifua cha inchi 40, na wengine wote ni majaribio yaliyokosea shabaha kidogo.

Mwaka 1835 alichapisha Paris kitabu chake kikubwa juu ya binadamu na makuzi yake. Ndani yake kuna mhusika mkuu asiyekuwepo duniani: mtu wa wastani. Quetelet alimwona kuwa kielelezo cha ubora, sio namba tu ya hesabu. Naomba mlikumbuke jambo hilo, maana tutakutana nalo tena kwenye hospitali zetu.

Kwa nini kimo mara mbili?

Katika hesabu zake Quetelet alitaka kujua uzito unapanda vipi kadiri watu wanavyorefuka. Chukua tofali. Ukikuza urefu, upana na kina chake mara mbili, uzito wake unakuwa mara nane. Kama binadamu wangekua kama matofali, tungegawa uzito kwa kimo mara tatu: kimo kuzidisha kimo kuzidisha kimo.

Lakini hatukui hivyo. Mtu mrefu hawi mpana na mnene kwa kiwango kilekile alichorefuka. Quetelet alipolinganisha watu wazima wa vimo mbalimbali, aliona uzito unakwenda takriban sawa na kimo kilichozidishwa kwa chenyewe mara moja tu. Kwa watoto wanaokua aliona kanuni nyingine kabisa.

Hapo ndipo ilipo mbegu ya BMI. Tazameni vizuri kilichokuwepo na ambacho hakikuwepo. Kulikuwa na uchunguzi kuhusu maumbile ya kundi la watu wa Ulaya Magharibi wa wakati ule. Hakukuwa na neno lolote la 25 wala 30. Quetelet hakuwa anatafuta wanene, na hakuwa anatafuta wagonjwa. Alifariki mwaka 1874 bila kujua kwamba kuna siku hesabu yake ingemweka mtu wa Dar es Salaam kwenye rangi ya kijani.

Wenye bima wanaingia

Kilichofuata kililetwa na biashara. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za bima ya maisha zilikuwa na sababu nzito ya kutaka kujua nani atakufa mapema. Ukimwuzia mtu bima leo na akafa mwaka kesho, umepata hasara. Kampuni hizo zilikuwa na kitu ambacho madaktari wengi hawakuwa nacho: majalada ya mamilioni ya watu, yakiwa na kimo, uzito, tarehe ya kukata bima na tarehe ya kufa.

Louis Dublin, mtaalamu wa takwimu wa kampuni ya Metropolitan Life ya New York, aliyachimba majalada hayo. Waliokuwa wazito sana kwa kimo chao walikuwa wakifa mapema kuliko wenzao. Kampuni ikatoa majedwali ya uzito unaofaa, ya wanawake mwaka 1942 na ya wanaume mwaka 1943. Mwaka 1959 yakatoka mapya. Yalibandikwa kwenye kuta za madaktari na kuchapishwa magazetini, kama langu nami.

Sasa tuyakague kama tunavyokagua chanzo chochote. Waliomo ni watu waliomudu kununua bima, wengi wao wazungu wenye kipato. Walipimwa siku walipokata bima, wakiwa na nguo na viatu. Kila kimo kiligawanywa katika watu wenye mifupa midogo, ya kati na mikubwa, lakini kwa miaka mingi hakukuwa na njia iliyokubalika ya kujua mifupa yako ni ya aina gani. Ukiona uzito umezidi, unahamia tu kwenye safu ya mifupa mikubwa. Tusiwacheke. Hata hapa kwetu nani hajawahi kusema, "mimi si mnene, nina mifupa mizito"?

Jina linapatikana 1972

Aliyeichoka hali hiyo aliitwa Ancel Keys, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliendesha jaribio maarufu la njaa, ambapo vijana 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa miezi ili ijulikane jinsi ya kuwarudisha watu waliokondeana na vita. Baadaye akawa maarufu kwa utafiti wa chakula na moyo katika nchi saba. Huyu alizijua njaa na shibe zote mbili.

Mwaka 1972 Keys na wenzake walichapisha makala iliyolinganisha kanuni mbalimbali za uzito na kimo. Walikuwa na vipimo vya wanaume 7,424 waliohesabiwa kuwa wazima wa afya, kutoka nchi 5: Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Walipima pia unene wa mafuta chini ya ngozi, wakauliza: kanuni ipi inakwenda sambamba na mafuta hayo, na wakati huohuo haimwonei mtu kwa sababu ya urefu wake?

Kanuni ya Quetelet ndiyo iliyofanya vizuri, au tuseme haikushindwa na nyingine. Keys akaipa jina tunalolitumia leo, ambalo kifupi chake ni BMI. Lakini hakuisifia kupita kiasi. Alisema hairidhishi kikamilifu, ila angalau ni nzuri sawa na kanuni nyingine yoyote ya aina hiyo.

Na katika wale watu 7,424 hakukuwa na mwanamke hata mmoja.

Ukitaka kuwa mkweli, lazima useme pia kwa nini kanuni hiyo ilishinda duniani. Inahitaji mzani na rula ya ukutani. Haihitaji umeme, damu, wala mtaalamu. Ukienda zahanati ya kijijini utaikuta, na unaweza kulinganisha watu wa Singida na watu wa Oslo. Kwa mtafiti anayetaka kujua hali ya watu laki moja, huo ni utajiri.

Mistari ilichorwa mezani

Lakini 25 na 30 zilitoka wapi? Swali hili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu ndizo nilizozipaka rangi.

Mwaka 1985 taasisi za taifa za afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu. Mstari wa uzito uliozidi ukawekwa kwenye 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Walipataje? Waliwapanga vijana wa Kimarekani wenye miaka 20 hadi 29 kuanzia mwembamba hadi mnene, wakakata pale ambapo asilimia 15 wanabaki juu. Basi.

Mwaka 1995 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza ngazi za 25, 30 na 40, na yenyewe ikakiri kwamba kwa sehemu kubwa mipaka hiyo imewekwa kwa makadirio tu. Mwaka 1998 Marekani nayo ikashuka hadi 25. Mamilioni ya Wamarekani walilala wakiwa na uzito wa kawaida, wakaamka wakiwa wamezidi uzito, bila mtu kuongezeka hata gramu moja.

Mlango wa chini nao una historia yake, na huo ndio uliotuhusu zaidi sisi. Mwaka 1988 watafiti James, Ferro-Luzzi na Waterlow walipendekeza 18.5, 17 na 16 ziwe ngazi za kupima upungufu wa muda mrefu wa chakula kwa watu wazima. Katika nchi zetu BMI ilijulikana kwanza hivyo, kama kipimo cha waliokonda.

Na kukonda kwetu kuna kumbukumbu zake. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari kuhusu ugonjwa mpya kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wetu wa Kagera, ambao watu wa huko waliuita Slim kwa jinsi ulivyomkausha mtu. Ulikuwa Ukimwi. Waliokulia miaka ile wanajua mtu akipungua kilo tatu majirani walivyonong'ona. Ndiyo maana mpaka leo ukimwambia mtu "umependeza, umenenepa" anashukuru, na ukimwambia "umekonda" anauliza, "kwani nimekufanyia nini?" Kwa miaka mingi kitambi kilisoma kama cheti cha afya. Tukaja sisi wa kizazi cha makala za afya, tukageuza cheti: sasa mwembamba ndiye mzima. Nadhani tulihamisha kosa tu.

Watu wawili wenye 22.3

Mwaka 2004 jarida hilohilo la Lancet lilichapisha picha ya madaktari wawili marafiki, Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, na John Yudkin wa London. Wote wawili walikuwa na BMI ya 22.3. Kwenye jedwali langu wangekaa kijani, tena bega kwa bega. Lakini walipopimwa mafuta ya mwili, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik asilimia 21.2. Zaidi ya mara mbili, namba moja.

Mzani haujui unapima nini. Kilo ya misuli na kilo ya mafuta kwake ni kilo. Wala haujui mafuta yamekaa wapi, na hilo ndilo kubwa zaidi. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara kama yale yanayojaa tumboni, katikati ya ini na utumbo. Hayo ya tumboni ndiyo yanayoifanya insulini ishindwe kazi, sukari ikabaki kwenye damu. Na mtu anapozeeka misuli ya mikono na miguu inapungua huku tumbo likijaa taratibu. Mzani unabaki palepale, mtu anadhani hajabadilika.

Mwaka huohuo wa 2004 zilichapishwa hitimisho za wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani kuhusu watu wa Asia. Walikubali kwamba wengi wao wanapata kisukari na magonjwa ya moyo wakiwa na BMI ndogo kuliko Wazungu, wakaongeza alama za tahadhari kwenye 23 na 27.5.

Na sisi? Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipotoa vipimo vya kiuno kwa mataifa mbalimbali, Waafrika wa kusini mwa Sahara waliambiwa watumie vya Wazungu mpaka takwimu zao zitakapopatikana: sentimita 94 kwa wanaume, 80 kwa wanawake. Yaani tuliazimwa suruali ya jirani wakati yetu inatafutwa kitambaa.

Takwimu za kwetu zipo kwa upande mwingine. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Tanzania walichapisha uchunguzi wa vijiji 6 vya nchi hii, watu zaidi ya 6,000, na waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulikuta karibu asilimia 9. Tafiti hizo hazilingani kwa umri wala kwa mahali, kwa hiyo tusizitoe moja kwenye nyingine kama hesabu za dukani. Lakini hakuna daktari atakayekwambia hali haikubadilika.

Uzito nao ulipanda. Tafiti za taifa za afya ya uzazi zilionyesha wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye BMI ya 25 na zaidi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015/16. Hapa BMI inafanya kazi aliyoizoea Quetelet: kutueleza habari za kundi. Inatuambia soda, chipsi, kukaa ofisini na kupanda bodaboda hata kwa mwendo wa dakika tano vinatufanya nini sisi wote kwa pamoja. Hilo inalisema vizuri.

Basi namba hii ni ya uongo?

Hapana, na nisingependa mtu atoke hapa akashangilie sahani ya tatu ya pilau. Mwaka 2009 uchambuzi wa tafiti zilizohusisha watu wapatao 900,000 ulionyesha vifo vilikuwa vichache zaidi kwenye BMI ya 22.5 hadi 25, na juu ya hapo kila pointi 5 zilipoongezeka vifo viliongezeka kwa karibu asilimia 30. Hilo halipuuzwi.

Wengine walipata picha tofauti kidogo. Katherine Flegal na wenzake mwaka 2013 walijumlisha tafiti 97 zenye watu zaidi ya milioni 2.8, wakakuta wenye 25 hadi 30 walikufa kidogo pungufu kuliko wale wa "kawaida". Wapinzani wao wakajibu kwamba sigara na maradhi huwakondesha watu kabla ya kufa, kwa hiyo kundi la wembamba linabeba wagonjwa. Ubishi ulikuwa mkali. Wote lakini wanakubaliana kwamba ukifika mbali upande wowote, kukonda sana au kunenepa sana, hatari inapanda.

Ugomvi uko katikati, huko ambako wengi wetu tunaishi na ambako mimi nilipaka kijani na chungwa kwa uhakika wote. Mwezi Juni 2023 chama cha madaktari wa Marekani kilipitisha msimamo kwamba BMI isitumike peke yake kwa mgonjwa mmoja mmoja. Januari 2025 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza unene usihukumiwe kwa BMI tu: kipimwe na kiuno au mafuta yenyewe, kisha iangaliwe kama viungo vya mwili vimeanza kuathirika. Na tangu 2022 mwongozo wa Uingereza unawashauri watu wazima wenye BMI chini ya 35 wahakikishe kiuno chao hakifiki nusu ya kimo chao. Hesabu hiyo haihitaji hata kalamu.

Kwa hiyo jibu la swali la mjomba, kadiri nilivyoweza kulipata, ni hili. Namba ile ilitungwa ili kueleza umati. Mimi nilimpa mtu mmoja kama cheti. Ilisema kwamba katika watu wengi wenye uzito na kimo kama chake, wengi watakuwa salama. Haikusema kwamba yeye ni mmoja wao. Haikujua kwamba mama yake alikuwa na kisukari, haikujua umri wake, haikujua miaka arobaini ya kukaa kwenye kiti cha cherehani, na haikupima tone moja la damu yake. Nilipaswa kuandika sentensi hizo mbili tatu chini ya jedwali. Nafasi ilikuwepo. Niliijaza na picha ya mwanamke anayekula tofaa.

Juzi nilikwenda kwake kumweleza haya. Alikuwa amekaa sebuleni, mguu juu ya kigoda. Nikamwamkia, akaitika, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kuanzia Ghent mpaka London. Kisha akavuta futi yake ya kupimia nguo, ile iliyomning'inia shingoni tangu sijazaliwa, akaizungusha kiunoni mwake mwenyewe. Inchi 37 na nusu, sentimita 95. Nusu ya kimo chake ni 85.

"Hii nilikuwa naijua," alisema. "Suruali zangu nimeziachia kiunoni mara tatu, na mapajani nimezipunguza. Nikajua ni uzee."

Miaka arobaini anapima viuno vya watu, na chake alikuwa anakirekebisha kwa uzi bila kumwambia mtu. Kipande cha gazeti bado kiko kwenye kabati. Nilitaka kukibandua, akanikataza. Akaniambia niandike kwa kalamu pembeni ya ile rangi ya kijani: pima na sukari. Nimeandika. Mwandiko wangu ni mbaya lakini unasomeka.

Mhariri naye amenipa nafasi ya nusu ukurasa wiki ijayo kwa ajili ya marekebisho. Wewe uliyesoma mpaka hapa usingoje gazeti. Kama nyumbani kuna mzee mwembamba anayekunywa maji sana na kuamka usiku, mpeleke kesho asubuhi kabla hajala.